Ukurasa wa SHA haumjui mtu wa mpakani

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue mahali pa NHIF hapo Oktoba 1, 2024, malalamiko ya wananchi yamekuwa hasa juu ya pesa: kiwango cha mchango, madeni ya hospitali na dawa zisizolipiwa. Hayo ni malalamiko ya haki na magazeti yameyaandika sana. Lakini msomaji akifika huku Busia na Malaba atagundua kuna jambo jingine linalomzuia mgonjwa hata kabla hajaufikia mlango wa daktari, nalo ni ule ukurasa wa mwanachama ulio katika tovuti ya Afya Yangu.

Ukurasa huo ndio unaomtambulisha mtu kwa SHA. Umebeba jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, makao, mke au mume, watoto wanaomtegemea, na majibu ya maswali kuhusu nyumba anamoishi. Ukurasa ukiwa na kasoro, basi mwenyewe huonekana ana kasoro machoni pa karani wa hospitali. Kwa maoni yangu yafaa uundwe upya, na kazi hiyo ianzie mpakani badala ya Nairobi. Inaelekea waliouunda walimfikiria mwananchi mwenye simu moja, laini moja, nyumba moja na ukoo uliokaa wote upande mmoja. Mwananchi wa namna hiyo ni adimu huku kwetu. Hata neno bodaboda, ambalo sasa latumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa papa hapa kutokana na vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka.

Tuanze na simu. Mtu akitembea Malaba karibu na mto, simu yake hushika mtandao wa Kenya, na baada ya hatua chache ikashika wa Uganda. Ndiyo maana wachuuzi wengi wana laini mbili, na aghalabu ile ya Kenya huwa imezimwa au imeachwa nyumbani wakati biashara iko ng'ambo. Sasa katika kipindi cha kwanza cha SHA, mgonjwa alitakiwa aisome nambari ya siri iliyotumwa kwa simu aliyojiandikishia, ndipo ahudumiwe. Chukua mfano wa mama aliyesajiliwa kwa simu ya mumewe, naye mume ni dereva wa lori ambaye leo yuko Kampala na kesho kutwa yuko njiani kwenda Juba. Mama amefika kwenye zahanati na mtoto mwenye homa kali. Nambari ya siri imetumwa kwa laini iliyozimwa, mamia ya kilomita kutoka hapo. Karani hana la kufanya, mama naye hana la kufanya, na mtoto angali anachemka.

Mwaka 2025 serikali ilianza kusisitiza alama za vidole badala ya nambari hizo, sababu kubwa ikiwa ni udanganyifu wa baadhi ya hospitali zilizodai malipo ya wagonjwa ambao hawakuwako. Ni hatua ya maana, kwani kidole hakisahauliwi nyumbani. Hata hivyo, muulize yeyote aliyewahi kusajili watu mashambani atakueleza shida ya vidole vya mkata miwa, vya mvuvi wa Port Victoria au vya nyanya aliyeshika jembe miaka 50. Mashine huvikataa. Kwa hiyo ukurasa hauna budi kuwa na njia ya pili na ya tatu ya kumtambua mtu, na njia moja tunayo tayari. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa simu za kazi. Hao huingia nyumba kwa nyumba. Mhudumu anayemjua nyanya huyo kwa jina, kwa boma na kwa ugonjwa wake, kwa nini asiruhusiwe kumtambulisha?

Watalaamu wa kompyuta watasema kwamba bila nambari ya simu hawana jambo la kumfungia mtu faili. Sikubaliani nao, na ushahidi uko hapa magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta. Kazi hiyo ilikua pamoja na mpango wa AMPATH wa kutibu wenye virusi vya Ukimwi, na ikachangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi duniani. AMPATH ina kliniki katika kaunti ya Busia pia. Mgonjwa wake hupewa nambari yake mwenyewe, isiyotegemea simu ya mtu yeyote, na tarakimu ya mwisho ya nambari hiyo ni ya kukagua zile zilizotangulia: karani akikosea tarakimu moja, kompyuta hukataa. Simu ikipotea mgonjwa hapotei. Mambo haya yalifanyika kwa wagonjwa maskini, katika vituo ambavyo umeme ulikuwa wa kubahatisha. Imekuwaje tukasahau mapema hivi?

Jambo la pili ni jamaa. Mpaka huu una asili yake katika uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1902, walipoikata sehemu kubwa ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuitia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Wateso wakabaki huku na huku, Wasamia vivyo hivyo, na watu wameendelea kuoana bila kuuliza mstari umepita wapi. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, na tangu hapo si ajabu kwa mama wa Malaba kujifungulia Tororo. Mtoto wake ni Mkenya. Katiba ya 2010 yasema wazi kwamba aliyezaliwa na mzazi Mkenya ni raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Lakini mama akitaka kumwongeza mtoto katika ukurasa wake, ile karatasi aliyopewa ng'ambo haimsaidii mpaka kwanza azunguke ofisi za usajili. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kungoja mzunguko huo. Ukurasa ungekuwa na nafasi ya kumwandika mtoto kwa muda, huku vyeti vikitafutwa, shida ingepungua sana.

Majina sitayakawilia. Jina moja la Kiteso laweza kuandikwa kwa namna tatu, moja ya shule, moja ya kanisa na moja ya kitambulisho, na kila namna kwa mtambo ni mtu mwingine. Marekebisho ya herufi moja yasimpeleke mtu kutoka Bunyala hadi mjini Busia. Mhudumu wa kijiji aweze kuyaomba kwa simu yake.

Kisha yako maswali ya nyumba. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa kuulizwa ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani na anapikia nini. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na zilitakiwa zote kwa pamoja hata kabla hujaugua. Mwaka 2025 ukaletwa mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, ambao umewafaa baadhi ya watu. Shida yangu ni maswali yenyewe. Katika mji kama Malaba, mchuuzi wa nyanya hukodi chumba cha matofali chenye paa la mabati na taa ya umeme, kwa kuwa ndivyo vyumba vya mjini vilivyo, naye hana hata kuku. Mwenye ng'ombe kumi na nyumba ya udongo huko shambani anaweza kuonekana maskini kumliko. Siku malori yanapokwama, mchuuzi huyo hauzi chochote, lakini paa lake lingali la mabati. Ukurasa humwonyesha kiasi anachodaiwa bila kumweleza kimefikiwa vipi. Ni haki yake aone jibu lipi lilimpandisha na mahali pa kukata rufani, kwa Kiswahili, na palipo na mhudumu, kwa Kiteso au Kisamia.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni la siri. Busia na Malaba ni miji ya barabara kuu. Kwa miaka mingi, madereva wa masafa marefu na wanawake wanaoishi kwa biashara ya barabarani wamenyoshewa kidole kila ulipotokea ugonjwa: Ukimwi, kisha Corona, kisha mpox, ambayo mgonjwa wake wa pili nchini, mnamo Agosti 2024, alikuwa dereva wa lori aliyegunduliwa Malaba. Katika mji mdogo karani wa hospitali ni jirani yako, shemeji yako, au mwimbaji mwenzako katika kwaya. Ukurasa unaokusanya jina, simu, wake na watoto pamoja na historia ya matibabu ni kitu cha hatari mkononi mwa mtu mwenye mdomo.

Hofu hii si ya kubuni. Mnamo Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wenye virusi vya Ukimwi, walezi wao, na akina mama waja wazito na wanaonyonyesha walio navyo. Agizo lilitolewa kwa nia ya kupanga huduma. Mashirika yalikwenda mahakamani na mnamo Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba lilikiuka Katiba. Baadaye ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayoziweka habari za afya, na hata majina ya mke na watoto, katika fungu la habari nyeti, na kumpa mtu haki ya kuziona habari zake na kuzisahihisha.

Sheria ni njema, lakini mgonjwa haioni. Angeiona kama ukurasa wake ungekuwa na orodha ya kila mtu aliyeufungua: siku gani, saa ngapi, kituo gani, kwa sababu gani. Kila mfumo wa kompyuta uliotengenezwa vizuri huhifadhi orodha kama hiyo kwa ajili ya wakaguzi. Kumwonyesha mwenyewe si gharama kubwa, na karani anayejua kwamba jirani yake ataona jina lake atafikiri mara mbili kabla ya kuchungulia.

Nimesikia wengine wakisema ushirikiano wa nchi mbili juu ya rekodi za wagonjwa ni ndoto. Itakumbukwa kwamba mwaka 2020, wakati wa Corona, foleni ya malori Malaba ilifika makumi ya kilomita huku madereva wakisubiri majibu ya vipimo, vingine vikifanywa katika maabara ya KEMRI huko Alupe, mahali palipojulikana zamani kwa wagonjwa wa ukoma. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ambao ulibeba majibu ya kipimo cha dereva katika simu yake, ili afisa wa nchi nyingine ayasome na kuyakubali. Serikali zilielewana kwa miezi michache tu. Zilielewana kwa sababu mafuta na ngano vilikuwa vimekwama barabarani. Mama mja mzito aliyepimwa damu Tororo na kurudi Malaba hajawahi kusimamisha lori lolote, na kwa hiyo vipimo vyake havijapata mfumo.

Yeye hubeba daftari. Huko Uganda ni desturi mgonjwa kununua daftari la shule, na daktari huandika humo ugonjwa na dawa. Wengi huku hucheka daftari hilo lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mimi silicheki hata kidogo. Linavuka mto bila mtandao. Mwenyewe hulifungua atakapo na kujua kilichoandikwa, au humpa binti yake amsomee. Analificha chini ya godoro akitaka, na hakuna anayelisoma bila yeye kulitoa mfukoni. Ila laweza kunyeshewa, kupotea au kuliwa na panya, na hapo ndipo kompyuta ina faida. Sioni sababu ya ukurasa wa SHA kushindwa kumruhusu mwanachama kuingiza humo yaliyo katika daftari lake, na kumchapia karatasi moja ya kwenda nayo ng'ambo, yenye aina ya damu, dawa anazotumia na chanjo za mtoto, bila kutaja mchango wala aina ya paa.

Wanaoutengeneza ukurasa huu huujaribu kwanza kabla ya kuutoa kwa umma, na hiyo ni kawaida ya kazi yao. Ombi langu ni kwamba toleo lijalo lijaribiwe katika hospitali ya Kocholya siku ya kliniki ya wajawazito, kwa akina mama wenye laini mbili na wasio na simu kabisa, na wenye kulitengeneza wakae hapo benchini kutwa nzima wakihesabu ni wangapi waliorudi nyumbani bila kumwona daktari.