MLANGO WA NYUMBA: Meza ya Katikati ya Jiko

Fedha za korosho zikiingia, wenyeji wa Newala na Masasi hufikiri kwanza bati na baraza ya wageni. Jikoni, ambako mama wa nyumba hushinda, hapafikiriwi. Humo kisu na mboga hutandazwa sakafuni, kuku hupita, mtoto hutambaa, na mama huinuka jioni akishika kiuno. Twawanasihi mjenge meza moja imara katikati ya jiko.

Kwanza apimwe atakayeitumia. Asimame wima na kukunja mkono. Uso wa meza uwe chini ya kiwiko chake kwa sentimita 10 hadi 15. Fundi akijipima mwenyewe, atakuwa amejijengea yeye. Upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 1 na nusu wawatosha watu wawili kukabiliana. Pande zote uachwe ujia wa mita 1, ili aliyebeba sufuria ya moto asigongane na mwenziwe. Jiko likiwa dogo, meza na iegemee ukuta. Kubanana jikoni ni hatari.

Nguzo zake mbili ziwe za matofali, na huko Masasi penye vilima vya mawe, hata za mawe. Juu pasakafiwe saruji laini, ipate kufutwa kwa kitambaa na maji kidogo. Uso utokeze mbele kidogo kupita nguzo, vidole vya miguu vipate nafasi. Moto ubaki ukutani karibu na dirisha, moshi upate kutoka. Kinu na mbuzi ya nazi vibaki chini, kwani kazi yake ndiyo hiyo.

Baina ya nguzo wekeni ndoo na mitungi, yote ifunikwe. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kufunika vyombo usiku, na watu wa uwanda wa Makonde wanaijua thamani ya maji. Ardhi ya juu ni ya mchanga, mvua hunywewa ikazama, na tangu zamani wanawake wameteremka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Maji yaliyopatikana kwa taabu hiyo hayafai kupigwa teke na mtoto sakafuni.

Labda kijana atasema jiko ni shauri la wanawake. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika akitoka kwenda kusali. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Basi atakayebeba matofali ya meza ya mama yake au mkewe asione haya, kwani amefuata mwendo wa Mtume wake.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na mikono inayotulisha. Amin.