Msongo wa Mawazo Chuoni: Siri Inaumiza Kuliko Sapu



Ndugu zetu wanafunzi, na wazazi wetu mnaosomewa jarida hili na watoto wenu, sisi tunaoandika tulikaa kwenye mikeka ya madrasa hii kabla yenu. Sasa tunasoma chuo kikuu, Dar es Salaam. Kila tukirudi likizo mnatuuliza kama masomo ni magumu. Ni magumu, na hilo tulilitarajia. Ambalo hatukulitarajia ni msongo wa mawazo.

Kijana anatoka kidato cha sita akiwa wa kwanza shuleni kwao. Anafika chuoni anakuta ukumbi umejaa watu ambao nao walikuwa wa kwanza kwao. Hakuna mwalimu anayemjua kwa jina. Akifeli somo, anarudia mtihani, ndiyo tunayoiita sapu. Wastani wake ukishuka mno, anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Bumu, ile fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ikichelewa, anasoma huku akipiga hesabu ale mara mbili au mara moja. Na kama hakupata mkopo, basi ada yake ni shamba lililouzwa au mchango wa ukoo mzima, na kila aliyechangia anasubiri majibu.

Mmoja wetu alipata sapu mbili mwaka wa kwanza. Baba yake ni mchuuzi wa samaki. Likizo ilipofika, mzee akamuuliza, "Umefaulu?" Naye akajibu, "Alhamdulillah." Neno hilo halina uongo ndani yake, ila yeye alilifanya pazia. Akawa anasoma usiku kwa kujificha. Chakula hakikupita, kichwa kilimuuma kila siku, akapimwa malaria haikuonekana. Siku za mtihani zilipokaribia akadanganya kuwa anaitwa kwenye mafunzo ya vitendo, akakopa nauli kwa rafiki, akaondoka.

Kwa maoni yetu, zile sapu hazikumuumiza kama miezi miwili ya kuzificha.

Wapo wanaosema kwamba Muislamu mwenye msongo wa mawazo ana upungufu wa imani. Sisi hatukubaliani nao. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika mpaka akapoteza nuru ya macho, naye ni Nabii. Mtume wetu (S.A.W.) alilia kwa kufiwa na mwanawe Ibrahim. Tena ipo dua aliyokuwa akiiomba sana, ambamo anajikinga kwa Allah (S.W.) na wasiwasi, huzuni, uvivu na uzito wa deni, yote kwa pamoja. Mwanafunzi anayesubiri bumu wiki ya mitihani anaijua maana yake bila kufasiriwa.

Kuhusu kukesha, tuna la kusema. Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka katika swala huishikilia. Akaamuru ifunguliwe, na kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka apumzike. Ikiwa ibada yenyewe haikufungiwa kamba, vipi kitabu cha uhasibu? Kamba za siku hizi ni kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Tumezijaribu: unasoma siku tatu bila kulala, unaingia mtihani, swali unalitambua lakini jibu limekimbia. Usingizi ndio unaokitia kichwani kile ulichosoma. Lala baada ya Isha, amka kabla ya Alfajiri usome. Hiyo ni ratiba mliyoizoea hapa hapa madrasa.

Lakini ikiwa usingizi umekataa kwa wiki kadhaa, swala imekuwa nzito, au mtu anaanza kuona bora asingekuwepo duniani, hapo haitoshi kumpa ratiba. Asiachwe peke yake. Aende siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi ijulishwe. Kwa sababu za ugonjwa masomo yanaweza kuahirishwa, na watu wameahirisha kisha wakarudi na kuhitimu. Tunajua mtaani ukitaja daktari wa akili watu wanacheka na kutaja Mirembe. Aliyevunjika mguu huombewa dua na hufungwa mguu. Sijui kwa nini kichwa kifanyiwe moja tu.

Wazazi wetu, tunawaomba kwa heshima: mkipiga simu, ulizeni kwanza "umekula?" na "unalala?" Alama mtaziuliza baadaye.

Yule mwenzetu alifaulu sapu zake. Alimweleza baba yake ukweli akiwa mwaka wa tatu. Anasema mzee alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza, "Ile nauli ulimkopa nani? Umeshamlipa?"