Likasi: Jina lililoharibika ndani ya barua pepe si jambo dogo

Kijana mmoja wa tarafa ya Panda, mjini Likasi, ameomba kazi kwa kampuni inayofanya kazi na wachimba madini. Anangojea wiki mbili. Siku moja anafungua simu yake na kukuta barua inayoanza hivi: «Bonjour MoÃ¯se». Jina lake ni Moïse. Anajiuliza kama barua hii ni ya kweli ao ni ya wale matapeli wanaoahidi kazi na kuomba pesa ya dosie. Anaifuta. Jirani yake aliomba kazi ileile, na yeye hakuona barua yoyote. Ilikuwa imelala ndani ya kasha la spamu, na tarehe ya mtihani ilipita.

Huo ni mfano tu, lakini kila mutu anayetumia barua pepe katika Haut-Katanga amekwisha kuona alama hizo: Ã©, Ã¨, â€™, ao alama ya kuuliza katikati ya jina. Wengi wanacheka na kusema: «Ni mashine.» Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mashine haikuamua kitu. Kuna mutu aliyeandika programu bila kuijaribu, na kuna mkubwa aliyeilipa bila kuuliza. Katika inchi ambamo watu wamejifunza kuogopa matapeli, barua yenye jina baya ni barua ambayo haikufika, hata kama imefika.

Ili kuelewa, inafaa kurudi nyuma kidogo. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Kunako mwaka wa 1963 Wamarekani waliweka jedwali linaloitwa ASCII, lenye nafasi 128, linalosema namba gani ni herufi gani. Lilitosha kwa Kiingereza. Kanuni za barua pepe zilizowekwa mwaka wa 1982 zilijengwa juu ya jedwali hilo. Hapakuwa nafasi ya é wala ya ï. Wazungu wa magharibi walijitengenezea jedwali lao, Latin-1, na kampuni ya Microsoft ikatengeneza lingine linalofanana nalo. Mwaka wa 1992 mambo mawili yalibadilika: kanuni za MIME ziliruhusu barua pepe kusema wazi jedwali gani limetumiwa, na Ken Thompson pamoja na Rob Pike walitunga UTF-8, mfumo unaoweza kubeba herufi za lugha zote za dunia.

Kwa hiyo dawa iko tangu zaidi ya miaka 30. Ugonjwa unabaki kwa sababu mutumaji anaandika kwa jedwali moja na mupokeaji anasoma kwa jedwali lingine. Katika UTF-8, é inabebwa na namba mbili. Anayesoma kwa Latin-1 anafikiri kila namba ni herufi yake, ndiyo maana anaona Ã na ©. Hélène anakuwa HÃ©lÃ¨ne, na neno Gécamines, ambalo kila mtoto wa Panda analijua kabla ya kuanza shule, linakuwa GÃ©camines.

Watu wanaoandika programu kwa lugha ya Java, ambayo inatumiwa sana katika benki na kampuni kubwa, wanajua shida hii vizuri. Ndani yake, Java inashika herufi zote bila shida. Matata yanakuja pale maandishi yanapotoka ao kuingia: kutoka faili, kutoka hifadhi ya data, kwenda kwa barua. Kama mwandikaji hakusema jedwali gani litumike, Java za zamani zinachukua lile la kompyuta ambamo programu inatembea. Kwenye kompyuta ya mwandikaji, majina yote yanatoka safi. Programu ikipelekwa kwenye seva ya Linux ambayo haikupangwa lugha, jedwali linakuwa ASCII, na kila é inageuka alama ya kuuliza. Ndiyo maana neno linalosikiwa mara nyingi ni: «Kwangu inatembea vizuri.» Ni kweli, kwake inatembea. Tangu Java 18, iliyotoka Machi 2022, UTF-8 ndiyo imekuwa jedwali la kawaida. Lakini programu nyingi zingali zinatembea juu ya Java 8 na Java 11.

Jambo la kufurahisha ni kwamba kosa hili linajionyesha lenyewe, kama vile homa na kikohozi vinavyomuonyesha muganga pa kutazama. Mutu akiona Ã©, ajue herufi haijapotea: imeandikwa kwa UTF-8 na kusomwa vibaya. Inaweza kuponywa. Akiona kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani, ni kinyume: maandishi ya Latin-1 yamesomwa kama UTF-8. Akiona alama ya kuuliza ya kawaida, «H?l?ne», basi herufi ilikufa kabla barua haijatoka, na hakuna muganga atakayeirudisha, ni lazima kurudi kwa mutumaji. Na kama kichwa cha barua kinaanza na =?UTF-8?Q?, kichwa kilifungwa vizuri lakini kikakatwa vibaya ao kikafungwa mara mbili.

Dawa yenyewe ni fupi. Katika JavaMail, ambayo leo inaitwa Jakarta Mail, mwandikaji anaongeza neno "UTF-8" kwenye setSubject kwa kichwa, kwenye setText kwa maandishi, na kwenye InternetAddress kwa jina la mutumaji. Kama barua ni ya HTML, anaandika "text/html; charset=UTF-8". Sehemu hizo zinaenda pamoja. Anayetengeneza maandishi na kusahau kichwa, ametengeneza nusu ya barua. Halafu anahakikisha kama faili na hifadhi ya data vinasomwa kwa UTF-8 pia, kwa sababu jina lililoingia likiwa limeharibika litatoka likiwa limeharibika.

Wako wanaosema: kwa nini kujisumbua? Waandike majina bila alama, kwa herufi kubwa, kama inavyofanywa kwenye karte ya uchaguzi na kwenye makaratasi mengi. Wazo hili lina sehemu ya ukweli. Watu wengi wenyewe wanaandika MOISE na HELENE, na hawajioni kuwa wameibiwa kitu. Lakini kuna tofauti kati ya mwenye jina anayeamua kuandika hivyo na programu inayoamua kwa niaba yake. Tena barua si jina peke yake. Barua ya Kifaransa imejaa alama hizo toka mwanzo mpaka mwisho: «réunion», «délai», «reçu». Karatasi ya malipo inayosema «reÃ§u» haimpi muzazi imani kwamba pesa ya masomo ya mtoto wake imepokelewa.

Wengine wanasema Kiswahili hakina matata hayo, kwa sababu hakina alama juu ya herufi. Hao pia wanajidanganya. Programu za kuandikia zinapenda kupindisha kituo cha ng’ombe na kukifanya mkia mdogo, na mkia huo haumo ndani ya ASCII. Ukisomwa vibaya, ng’ombe anakuwa ngâ€™ombe. Kibaya zaidi, kwa kuwa maneno mengi ya Kiswahili yanapita bila shida, mwandikaji anayejaribu programu yake kwa «Habari gani» haoni kosa lolote. Kosa linangoja siku ya kutuma barua mia tano.

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza: kutuma si kufika. Programu ya Java inapoita Transport.send na kurudi bila kulalamika, maana yake ni moja tu: seva ya kwanza imekubali kuchukua barua. Ni kama kumpa dereva wa gari la Lubumbashi bahasha pale kituoni. Amepokea, lakini bado kuna kilomita karibu 120 za njia. Seva ya mupokeaji inaweza kukataa baadaye, na jibu la kukataa linarudi kwa anwani ya mutumaji. Kama anwani hiyo ni ile ya «usijibu» ambayo hakuna mutu anayeifungua, kampuni itaendelea kusema «tulimtumia», na kijana ataendelea kusema «sikupata». Wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza kamba. Anayetuma barua kwa watu wao anapashwa kuonyesha kwamba kweli ana ruhusa ya kutumia jina la domeni lake. Ruhusa hiyo inaandikwa kwa njia zinazoitwa SPF na DKIM, na wale wanaotuma barua zaidi ya 5.000 kwa siku kwenda Gmail wanaombwa zote mbili pamoja na DMARC. Kampuni yenye anwani inayomalizika na .cd, ambayo programu yake inatuma barua kutoka seva ya kukodi huko Ulaya bila kuandika ruhusa hiyo, inajipeleka yenyewe ndani ya kasha la spamu. Hakuna chuki dhidi ya Kongo hapo. Ni mlinzi wa mlango anayeomba karte, na mugeni aliyekuja bila karte.

Halafu kuna umeme na mtandao, mambo ambayo wakaaji wa Likasi hawahitaji kufundishwa. Ikiwa mwandikaji hakuweka kikomo cha muda, JavaMail inaweza kungojea seva bila mwisho, na programu nzima inasimama kama gari lililoishiwa mafuta katikati ya njia. Tena Transport.send haina foleni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, barua zilizobaki zinapotea, na hakuna daftari linalosema zipi zilienda na zipi hazikuenda. Anayejua hali ya hapa anaweka kikomo kwa mail.smtp.connectiontimeout na mail.smtp.timeout, anaandika kila barua ndani ya hifadhi kabla ya kuituma, na anaweka alama baada ya kutuma. Si ufundi wa juu. Ni uangalifu wa mama muuza duka anayeandika deni kwenye kaye kabla mteja hajatoka.

Kwa nini jambo hili liwaguse watu wa Panda hasa? Kwa sababu Likasi, mji ulioitwa Jadotville mpaka mwaka wa 1966, umejengwa na madini, na kazi za madini leo hazitangazwi tena kwenye ubao wa mlango wa kampi peke yake. Maombi yanapelekwa kwa barua pepe, miito inarudi kwa barua pepe. Watu wanasema kila mutu yuko kwenye WhatsApp. Ni kweli kwa habari za jamaa na za kilio. Lakini chuo kikuu cha inchi ya kigeni, ubalozi na benki bado vinaandika barua pepe. Mutoto wa Panda ambaye barua zake zinapotea anapoteza mlango ambao hakujua kwamba ulifunguliwa.

Kwa hiyo wenye kulipa ndio wanapashwa kubadilika kwanza. Shule, kanisa, hospitali ao kampuni inayoagiza programu isimalize kulipa mpaka ijaribu jambo moja mbele ya macho yake. Ichukue sentensi moja: «Hélène na Moïse wametoka Kasaï na ng’ombe wao.» Sentensi hiyo iwekwe ndani ya kichwa cha barua, ndani ya jina la mutumaji na ndani ya maandishi. Itumwe kutoka seva ya kweli, si kutoka kompyuta ya fundi, kwenda Gmail, Yahoo na anwani ya kazi. Ikifika safi, nje ya kasha la spamu, fundi alipwe. Isipofika, arudi kazini. Halafu mutu mmoja apewe kazi ya kufungua barua zinazorudi, hata mara moja kwa wiki.

Walimu wa informatiki nao wana sehemu yao. Vijana wengi wanajifunza Java kwa mifano iliyotoka mbali, yenye majina ya John na Mary, ambayo hayawezi kuonyesha kosa hili hata siku moja. Mwalimu anayewapa wanafunzi orodha ya majina ya darasa lao wenyewe, na alama zake zote, atawafundisha zaidi kwa saa moja kuliko kitabu kizima. Fundi wa Likasi aliyekwisha kuona jina la dada yake likigeuka alama za kuuliza hatasahau tena kuandika "UTF-8".

Mutu anapewa jina na wazazi wake, na ndilo kitu cha kwanza anachoangalia anapofungua barua. Anayemwita mutu kazini, shuleni ao hospitalini anaanza kwa kutaja jina lake vizuri. Programu pia inapashwa kuanzia hapo.