Tuambiwe na Sababu

Mwezi wa Januari mwaka 2025 tuliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni mwa darasa letu la kisomo hapa Buseresere. Kila mwanakisomo alinawa mikono kabla ya kuingia. Hakuna aliyebisha. Ndoo tulikwisha kuizoea tangu wakati wa korona. Lakini jioni ile mama mmoja, mkulima wa mpunga, alisimama akaniuliza:

"Mwalimu, nimenawa. Sasa niambie, ugonjwa huu unatoka wapi?"

Nikamjibu kwamba unatoka Biharamulo. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Biharamulo napajua, mwalimu, nina shangazi huko. Nauliza, huko Biharamulo umetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni Afisa Elimu ya Watu Wazima. Nina cheti changu, na kazi yangu ni kuwafundisha watu wazima. Lakini kuhusu ugonjwa ule nilijua mambo mawili tu: unaitwa Marburg, na tunawe mikono. Nilikuwa nimeletewa amri, nami nikaipeleka mbele kama nilivyoipokea.

Kesho yake nilikwenda zahanati kumwuliza muuguzi. Kisha nikatafuta vitabu. Niliyoyapata nataka kuyaeleza hapa, kwa sababu yanatuhusu sana sisi watu wa ukanda huu wa dhahabu. Naona ajabu kwamba hatukuyajua zamani.

Marburg ni jina la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 watu waliofanya kazi katika maabara za mji huo, na za miji ya Frankfurt na Belgrade, waliugua homa kali. Waliougua ni watu 31, na 7 kati yao walikufa. Walikuwa wameshika tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya utafiti. Wataalamu walichunguza wakakuta kidudu kipya. Kidudu hicho ni kirusi. Kirusi ni kidogo mno, hakionekani hata kwa darubini ya kawaida. Wakakipa jina la mji.

Basi kidudu chenye jina la Kizungu kilitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Lakini kilikaa wapi? Jambo hilo lilichukua miaka mingi kujulikana. Na hapa, ndugu mchimbaji, naomba usome polepole.

Kuanzia mwaka 1998 hadi mwaka 2000 ugonjwa huu uliwashika watu wa Durba, katika nchi ya Kongo, upande wa kaskazini mashariki. Durba ni mahali pa dhahabu kama kwetu. Wengi wa walioanza kuugua walikuwa vijana wanaoingia chini ya ardhi kuchimba. Waliougua ni watu 154, na waliokufa ni 128. Ugonjwa ulikoma mgodi mmoja ulipojaa maji na watu wakashindwa kuingia. Wataalamu wakajiuliza: mle ndani kulikuwa na nini? Mle ndani kulikuwa na popo.

Mwaka 2007 wachimbaji wachache waliugua tena, safari hii katika mgodi wa Kitaka, Uganda. Wataalamu waliingia mgodini, wakawakamata popo, wakawapima. Wakakikuta kirusi kile ndani ya popo wazima, wasioumwa chochote. Ni aina moja ya popo wala matunda, wanaopenda kulala kwa maelfu ndani ya mapango na mashimo ya migodi. Popo hao hubeba kirusi bila kudhurika. Mtu anayeshinda mle ndani, akigusa mate yao, mkojo wao au mavi yao, anaweza kukichukua. Akiugua, anaweza kuwaambukiza wengine kwa damu, matapishi, kuhara, na majimaji mengine ya mwili. Ndiyo maana wanaomwuguza mgonjwa, na wanaoosha maiti, wamo katika hatari kubwa.

Niliporudi darasani nikaeleza hivyo, kijana mmoja anayefanya kazi kwenye maduara alinyanyuka. Alisema, "Kumbe ni popo! Basi tuwachome moto wote mashimoni." Wengi wakamwunga mkono.

Hapo niliona jinsi nusu ya elimu ilivyo mbaya. Kwa maana watu wa Kitaka walifanya hivyohivyo. Baada ya ugonjwa wa mwaka 2007 waliziba mashimo, wakawaua popo karibu wote. Miaka michache baadaye popo wengine wakahamia mle. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena katika sehemu zile, kwenye Wilaya ya Ibanda, tena kwa nguvu zaidi. Wataalamu walipowapima popo wapya, walikuta jambo la kushangaza. Zamani, katika kila popo 100, kama 5 hivi walikuwa na kirusi. Sasa, katika kila popo 100, kama 13 walikuwa nacho. Kuwaua kulikuwa kumezidisha hatari. Popo wapya wengi walikuwa hawajapata kinga, wakaambukizana.

Nilimwambia kijana yule kwamba hata mbuyu huchavushwa na popo. Pasipo popo, ubuyu wa kuuza gulioni utapungua. Aliniangalia kama mtu anayefikiri kwamba mwalimu anapenda popo kuliko watu. Sawa. Lakini alikaa chini, na mazungumzo yalikwenda kwenye jambo la maana zaidi: duara lenye popo wengi tusiliingie, na shimo lililoachwa tusiligeuze pa kulala.

Ndugu msomaji, bango la "Nawa mikono" halingemjibu kijana yule. Lisingemwambia kwa nini asiwashe moto. Amri ni fupi, na mambo ya ugonjwa ni marefu. Amri inakwisha nguvu mara mtu anapokutana na jambo ambalo amri haikulitaja. Mtu aliyeelezwa sababu anaweza kufikiri mwenyewe akiwa peke yake, chini ya ardhi, ambako hakuna afisa wala bango.

Wapo wanaosema kwamba wananchi wakielezwa mengi wataogopa. Watakimbia, gulio litavunjika, mabasi hayatapata abiria. Hoja hii siidharau. Buseresere na jirani yetu Katoro tunaishi kwa biashara ya barabarani. Siku moja bila wateja ni siku ya njaa kwa mama wa mihogo ya kukaanga.

Lakini tutazame yaliyotokea. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari kwamba pana watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera. Siku iliyofuata tuliambiwa kuwa vipimo havikuonyesha ugonjwa. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza Dodoma kwamba mgonjwa mmoja amethibitika Biharamulo. Mambo ya vipimo yana taratibu zake, nami si mtaalamu wa maabara. Ninachokijua ni yale niliyoyasikia katika siku hizo, kwenye vijiwe na kwenye pikipiki. Mmoja alisema ni sumu. Mwingine alisema ni uchawi. Mwingine alisema ni jambo la siasa. Hofu ilikuwepo tayari. Ilikosa elimu tu ya kuiongoza. Mlipuko ule ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi 2025. Wagonjwa walihesabiwa 10, wawili wamethibitishwa kwa vipimo na wanane walihesabiwa kwa dalili na mazingira yao. Wote kumi walikufa.

Linganisha na Rwanda. Huko ugonjwa ulitangazwa mwezi Septemba 2024, ukakoma Desemba. Uchunguzi ulifuata nyayo zake mpaka kwa mtu aliyefanya kazi kwenye pango la machimbo lenye popo. Waliougua ni 66, waliokufa ni 15. Yaani wengi walipona. Wagonjwa walijulikana mapema, wakapewa maji mwilini na matunzo mazuri. Kwa hiyo si kweli kwamba ukishikwa na Marburg umekwisha. Jambo hilo peke yake lingewafanya watu wengi wasiwafiche wagonjwa wao. Mtu hufanya haraka kumpeleka mgonjwa mahali ambapo anaamini atapona.

Elimu ya namna hii haikuanza kukosekana leo. Wazee wa Uzinza na Biharamulo wanakumbuka habari za malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale iliwaua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda, kando ya ziwa letu. Mwaka 1903 wataalamu walikwisha kujua kwamba ndorobo ndiye anayeeneza vijidudu vya malale. Miaka ya 1906 na 1907 daktari mashuhuri wa Ujerumani, Robert Koch, alikaa visiwa vya Sese akiwatibu watu kwa dawa iitwayo atoksili. Ilipunguza vijidudu kwa muda. Lakini alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Ni nani aliyewaeleza kwanza kwamba dawa ile ilikuwa ya kujaribiwa?

Upande wetu, katika miaka ya 1930, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka maporini ikawakusanya katika vijiji vikubwa. Sababu ilikuwepo, tena ya maana. Watu wengi wakikaa na kulima pamoja, pori hufyekwa, na ndorobo hukosa kivuli cha kukaa. Lakini babu yangu alihadithiwa na baba yake kwamba waliambiwa neno moja tu: hameni. Basi wao wakaamini kuwa wanyama wamependwa kuliko watu. Imani ile iliingia katika ukoo wetu ikakaa. Mimi mwenyewe nilikua nikiamini hivyo, mpaka nilipokuwa mtu mzima na kusoma habari za ndorobo. Huko Shinyanga, katika miaka ya 1920, maelfu ya Wasukuma walijitolea kufyeka pori pamoja na mtaalamu Swynnerton. Wao waliona ng'ombe wao wakifa, na walielewa pori linahusikaje. Ndorobo ni yuleyule. Aliyeelewa alishika shoka mwenyewe, na aliyeamrishwa alihama akinung'unika.

Sisi Watanzania tunajua kufanya vizuri zaidi ya hapo. Mwaka 1973 ilikuwepo kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitayarisha vitabu na vipindi vya redio. Watu kama milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, halafu wakajadiliana. Walijifunza malaria inaenezwaje, kichocho kinapitia wapi, safura inaingiaje mwilini kwa nyayo, na habari za kuhara damu na kifua kikuu. Baada ya kujadiliana walichimba vyoo, mamia kwa maelfu nchini kote. Hawakuambiwa tu "chimbeni". Walijua mdudu wa safura anapita wapi, wakamfungia njia.

Mtu atasema hayo ni ya zamani, siku hizi kila mtu ana simu. Ni kweli. Lakini simu inaleta habari kumi, na tisa ni za uongo, wala haikai nawe kwenye benchi mkajadiliana.

Kuna jambo moja zaidi, na kulisema ni vigumu. Katika mikoa yetu hii vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi. Mara nyingi alama waliyohukumiwa nayo ni macho mekundu. Macho yale yaliwiva kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, miaka hamsini ya kupikia watoto na wajukuu. Na kisa huanza na ugonjwa. Mtoto anashikwa na degedege, anakufa usiku. Asubuhi watu wanauliza, nani amemroga? Hakuna aliyewaambia kwamba malaria ikipanda kichwani huleta degedege, na kwamba mtoto yule alihitaji kupelekwa kituo cha afya jana yake. Mahali pa sababu pakiwa patupu, mtu yeyote anaweza kuweka jina la jirani yake.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba kila tangazo la ugonjwa linaloletwa kijijini lije na sababu yake na historia yake. Liandikwe kwa Kiswahili chepesi, ili mtu wa kisomo aweze kulisoma. Wauguzi na wataalamu waje madarasani kuulizwa maswali, wasiishie kugawa karatasi. Na sisi walimu tuache aibu ya kusema "sijui, nitauliza".

Mama yule wa mpunga bado yumo darasani. Siku hizi anasoma bango lote la zahanati, mpaka maandishi madogo ya chini. Wiki iliyopita alileta swali jipya, ameliandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi: kama popo anabeba kirusi bila kuugua, kwa nini binadamu anaugua? Sikuwa na jibu la kutosha. Muuguzi amekubali kuja Alhamisi saa kumi jioni. Njoo na daftari lako, na swali lako liwe limeandikwa.