Panga refu halitoshi kwa miti ya Likasi

Anayetafuta chombo cha kukatia kuni katika misitu inayouzunguka mji wa Likasi, huko Katanga, mara nyingi huambiwa anunue panga kubwa, tena kubwa kadiri fedha inavyoruhusu. Ushauri huo unampotosha. Muputu ni mti mgumu na mubanga ni mgumu zaidi, na kinachoikata miti ya namna hii ni mahali uzito wa chuma ulipokaa pamoja na namna makali yalivyonolewa. Urefu huchangia kidogo. Panga la kawaida ni bamba la unene wa milimita 2 au 3, uzito wake umetandazwa toka mpini hadi ncha. Kwa nyasi, mabua ya mahindi na matawi mabichi sioni chombo cha kulipita, kwa sababu wepesi wake huupa mkono kasi. Likigonga shina lililokauka, hudunda au hunasa. Shoka limeweka karibu uzito wake wote kichwani, na unene wa kichwa hicho huvipasua vibanzi vya mti na kuvirusha nje.

Wahunzi wamejaribu kuziba pengo hilo kwa kufua mapanga mazito kutokana na springi za magari. Chuma hicho ni kizuri kweli: hushika makali na hunyumbuka bila kukatika, mradi fundi asikiunguze motoni. Wanepali kwa kisu chao cha kukri na Wamalay kwa panga lao la parang walifika mbali katika njia hiyohiyo, wakiongeza unene na kusogeza uzito mbali na mpini. Hata hivyo panga la springi likizidi uzito halifai tena kufyekea, na shina nene bado linalishinda. Katanga ina jibu lake la zamani. Shoka la jadi la ukanda huu, ambalo mkia wa bamba lake hupenya tundu la kirungu cha mpini, hujikaza kila linapopiga; bamba likichomolewa na kugeuzwa, shoka huwa tezo. Waluba walilipa hadhi ya kuwa alama ya mamlaka, na mikononi mwa mkata kuni naona sababu.

Familia yenye fedha ya chombo kimoja tu itachagua panga, maana hufyeka, huvuna na hukata, na hapo sina ubishi. Mchoma makaa anayeangusha shina baada ya shina yuko katika hali nyingine. Wapo watakaosema afadhali akate kwa shida, msitu upumue. Nalipinga wazo hilo kwa nguvu zote, kwa kuwa majiko ya mjini yatadai makaa yaleyale, na mwenye panga pekee ataigeukia miti michanga anayoimudu. Miti ya misitu hii ya miombo huchipua upya kwenye kisiki. Kisiki kilichokatwa mshazari, gome likiwa halikuchanika, huchipua vizuri kuliko kilichotafunwatafunwa. Wabemba, katika kilimo chao cha kukata na kuchoma matawi kiitwacho chitemene, walikata matawi kwa shoka na kuacha mashina yakiwa hai. Basi anayekwenda kwa mhunzi kabla ya kiangazi aagize shoka lenye mpini wa mti mgumu, na panga jembamba la matawi. Akiweza kulipia kimoja tu na kazi yake ni mashina, aanze na shoka.