Mkate Tuliutetea, Kitabu Je?

Kuna sentensi moja imenichosha: "Vijana hawasomi." Husemwa redioni, kwenye warsha, na kwenye hotuba za wageni wa heshima waliofika saa mbili baada ya muda. Akimaliza kuisema, mgeni wa heshima hupanda gari akaenda kula kamba wa kukaanga mbele ya bahari. Mimi nasema vijana wa Malindi na Kilifi wanasoma. Wanachokosa ni pesa za kitabu na mahali pa kukaa nacho.

Mwezi huu, watu watano tumesoma nakala moja ya Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyotoka 1995. Mkangi alizaliwa Ribe, kaunti hii hii yetu, na mwaka 1986 serikali ilimweka kizuizini. Kwenye riwaya, Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo kinachopaswa kuwa kaburi lake, kisha anajikuta kwenye nchi ambako hakuna mkubwa wala mdogo. Jina la nchi hiyo ukilisoma polepole utasikia "wale ni sisi". Nakala yetu imepanda matatu kutoka Mtwapa hadi Kilifi, ikaja Malindi, na sasa ina doa la mbaazi. Tumeibishania jioni nne. Mmoja wetu, dereva wa tuktuk, alishikilia kwamba nchi isiyo na matajiri haiwezi kujiendesha. Akaulizwa: na hii iliyo na matajiri, inajiendesha?

Hao ndio wasiosoma.

Sasa tuje kwenye pesa. Tangu Sheria ya VAT ya 2013, kitabu Kenya kinatozwa kodi ya asilimia 16. Kitabu cha shilingi 1,000 unakilipia 1,160. Hizo 160 ni mahamri sita na sahani mbili za mbaazi pale tunapokaa, yaani chakula cha asubuhi cha watu wawili. Kwa hiyo usimwambie kijana wa kibarua achague kati ya tumbo na akili, halafu umcheke akichagua tumbo.

Mwaka 2024 serikali ilipotaka kutia VAT kwenye mkate, nchi ilichafuka. Pendekezo la mkate likaondolewa, na baada ya watu kujaa barabarani Juni 25, Mswada mzima wa Fedha ukaanguka. Vizuri sana. Lakini kitabu kilikuwa kishalipa kodi hiyo hiyo kwa miaka kumi na moja, na hakuna aliyefunga barabara. Tumekubali kimyakimya kwamba mkate ni haki na kitabu ni anasa, kama vile vyakula vya ufukweni ambavyo sisi tunavijua kwa picha.

Halafu kuna suala la mahali. Siku hizi mtu akitaka kuandaa jioni ya vitabu huku kwetu, anaipeleka mkahawani. Taa nzuri, upepo mzuri, na kahawa moja kwa pesa ambazo kwa mama wa viazi karai zingewashibisha watu wanne. Malindi kuna mikahawa ambako menyu ni Kiitaliano kwanza, Kiingereza pili, na Kiswahili ameachiwa mlinzi getini. Sina ugomvi na mwenye mkahawa. Anafanya biashara, na kiti chake kina bei. Ugomvi wangu ni na mji ambao kila kiti chake kina bei.

Nilipoacha chuo, sikukosa lekcha. Nilikosa maktaba. Kitambulisho kilipokwisha muda, meza, feni na rafu zote zilikwisha siku hiyo hiyo. Kuna wengi kama mimi, na wengi zaidi ambao hawakuwahi kupata hicho kitambulisho. Hao wasomee wapi? Nyumbani chumba ni kimoja, na watu ni saba.

Utaniambia simu ipo, pakua PDF. Nimepakua, bana. Lakini ile ya bure mara nyingi ni ya wizi, na mwandishi hapati hata senti. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka Dar es Salaam mwaka 2022. Gurnah alizaliwa Zanzibar na alikuwa ameshapewa tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Kama hata kitabu hicho, kwa lugha yetu, kuhusu pwani hii na misafara yake, tutakisoma kwa kukiiba, basi nani atatafsiri kingine? Tena simu unaisoma peke yako. Watu watano hawawezi kugombania ukurasa mmoja wa simu yenye chaji asilimia nane.

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kwenye orodha ya kazi za kaunti, maktaba zimetajwa, na mistari michache chini yake zimetajwa fukwe. Orodha ni moja. Ufukwe tunauona ukipimwa, ukizungushiwa ua na kugombaniwa kwa mawakili. Maktaba haina anayeigombania, kwa sababu haina hoteli ndani yake.

Basi tuigombanie sisi. Bunge liondoe VAT kwenye vitabu. Kaunti itupe maktaba zinazofunguliwa jioni na Jumamosi, kwa sababu maktaba inayofungwa wakati fundi bado yuko kazini haikujengwa kwa ajili ya fundi. Mikutano ya wananchi kuhusu bajeti hufanyika kila mwaka, na mara nyingi waliojaa ni wazee na wanaosubiri soda. Twende. Tuulize kwa sauti: maktaba zimetengewa shilingi ngapi, na mwaka jana zilitumika vipi? Tuandike majibu, turudi mwaka unaofuata nayo mkononi.

Tukitoka hapo tukale. Walenisi iko kwangu hadi Jumapili. Anayeitaka aje na mahamri.