Sharti Moja Laweza Kumwonea Mwanafunzi

Tuchukulie kwamba shule ya sekondari mjini Babati imeandika programu ya kupanga madaraja ya Kidato cha Nne. Mzunguko wa programu huchukua alama za kila mwanafunzi kwa zamu na kuzipima kwa masharti. Ikiwa sharti la kwanza ni "30 au zaidi: D", kompyuta hukomea hapo, mwenye alama 80 naye hupewa D. Yapasa kuanza na 75 kwa A, kisha 65, 45 na 30. Tena, anayeandika "zaidi ya 75" badala ya "75 au zaidi" humnyima A mwenye 75 kamili.

Kosa la mpakani si dogo. Tarehe 31 Desemba 2008 mashine za kuchezea muziki za Microsoft, Zune 30, ziliganda, kwa kuwa mzunguko wa kuhesabu siku haukuwa na njia ya kutokea siku ya 366.

Kwa maoni yetu, kosa la namna hii lisitafutwe kwa kubahatisha. Walimu hawana budi kuwazoeza wanafunzi kuifuata programu kwa chaki ubaoni, mzunguko kwa mzunguko, wakijaribu 29, 30, 74 na 75. Kazi hiyo haihitaji hata umeme.